Ndengu Nilizokataa Kung'oa

Mto wetu huku upande wa Kiambere ni wa msimu. Miezi mingi unauvuka bila kulowa kidole. Mwaka ule wa mvua kubwa, mto uliacha njia yake ukapitia katikati ya mahindi yangu, yakiwa yameanza kutoa ndevu. Nilikuta matope tu, na mabua yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

Naibu wa chifu akaita baraza. Alisema serikali italipa waliopoteza, lakini lazima afisa wa kilimo aje aione hasara kwa macho na kuipiga picha.

"Kwa hivyo mtu asiguse shamba. Liacheni vile lilivyo."

Nikauliza, "Anakuja lini?"

"Karibuni, cucu," akajibu, akiniita bibi kwa kikwetu.

"Karibuni yako ama ya mvua?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Unyevu wa kwetu haungoji mtu. Jua likipiga kidogo, jembe linadunda. Nilingoja, nikachoka kungoja. Mabua nikawapa mbuzi, nikalima, nikapanda ndengu. Mke wa mwanangu, tunayeishi naye boma moja, alisimama kando ameshika kiuno.

"Mama, unazika karo ya mtoto."

Nikamwambia achukue jembe lingine. Hakuchukua. Majirani walipita wakiniona mjinga, na mashamba yao yamekauka na kupasuka, yakingoja kupigwa picha.

Afisa alifika ndengu zikiwa na maua. Kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Akatazama shamba, akatazama simu yake.

"Shosho, sasa niandike nini? Hapa hakuna hasara."

"Ilikuwa. Imeliwa na mbuzi."

Alicheka, kisha akanionea huruma, na hapo ndipo aliponikosea. Akashusha sauti. "Ng'oa mistari kama mitatu hapa mbele, tuilaze, nipige picha kwa karibu. Nani atajua?"

Mke wa mwanangu alikuwa ameshainama, mkono uko kwenye shina.

"Toa mkono hapo!"

"Mama, ni mistari mitatu tu! Mtoto atafukuzwa shule!"

Nilijua. Ni mjukuu wangu. Mimi mwenyewe nilitolewa shule ningali mdogo kwa sababu ya karo, sihitaji kufundishwa uzito wake. Lakini sijawahi kung'oa chakula kinachomea, na singeanza siku hiyo.

Nikamwambia yule kijana, "Kama serikali inamlipa aliyepoteza mahindi, mimi niliyapoteza. Majirani waliona, waulize. Kama inalipa shamba kwa kulala, basi ikae na pesa zake."

Alipiga picha ya ndengu. Sijui aliipeleka wapi.

Majirani walilipwa, na sina kinyongo nao, mto uliwapiga kweli. Kwangu haikuja hata shilingi. Tulivuna, tukauza, karo ikafika nusu. Ile nusu nyingine nilimfuata mwalimu mkuu ofisini nikakaa kwa kiti chake cha wageni mpaka akakubali kungoja. Mtoto hakufukuzwa. Mama yake alininunia mpaka siku ya kupepeta, akaniambia tu, "Leta ungo."

Baraza lililofuata niliketi mbele kabisa. Naibu wa chifu aliponiona akaanza mapema, "Cucu, leo hatuna maneno ya mashamba."

"Mimi ninayo," nikasema, nikasimama.