Nyaya za Plagi Si Mabehewa

Harufu ya karanga zilizokaa muda mrefu ndani ya chuma naijua kuliko harufu ya marashi yoyote. Watu wakisimulia utoto wao huanza na mvua ya kwanza na maua ya sijui nini. Mimi nakumbuka karanga, mafuta ya taa, kutu, na mavi ya kuku yaliyokauka juu ya kiti cha ngozi. Vyote hivyo vilikuwa mahali pamoja, ndani ya gari la Baba, pijo ya zamani, kwetu Isaka, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiangazi kile ambacho Baba alikaa nyumbani miezi minne mfululizo, akatulia siku chache tu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la tano, na nasema mapema ili mtu asisubiri: la sita sikulifikia. Sitaki kuonewa huruma. Mikono hii imenilisha vizuri.

Gari lenyewe lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha, na nyuma lilikuwa na mikia miwili iliyochongoka kama mapezi ya sato. Kwanza lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa karibu na stesheni. Alipohamia Mwanza alimwambia Baba alichukue, maana lilikuwa halitembei na lilikuwa linamkalia uwanja wake bure. Watu wanane walilisukuma hadi kwetu. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikapakiwa ndani nishike usukani, na hadi leo naamini ni mimi niliyeliendesha. Baba akalijengea banda la mabati lenye nguzo za mataruma ya reli, akaliinua juu ya mataruma mengine ili matairi yasioze, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kuunganisha mabehewa pale stesheni. Akalisahau. Mama hakulisahau. Panya wa Isaka wanatoboa magunia, wanatoboa vihenge, wanatoboa hata ukuta, lakini bati la gari lile liliwashinda. Basi Mama akaweka humo karanga zake za mbegu na choroko, akafunga vioo, na kuku wakapewa buti. Kwa miaka minane lilikuwa ghala, na lilikuwa ghala zuri kuliko lilivyowahi kuwa gari.

Kisha kazi ya Baba stesheni ikaisha. Akarudi nyumbani na koti lake la kazi na filimbi, akaketi. Tatizo ni kwamba Baba hakuwa mtu wa kuketi. Treni hazikai stesheni, zinakuja na kuondoka, na yeye aliyezizoea alikuwa hivyohivyo. Asubuhi alikwenda hadi barabarani kutazama malori yanayopakia mizigo ya Rwanda na Burundi, akarudi, akanywa maji, akaenda tena. Akikaa, goti lilicheza. Akila, alikula amesimama. Mama alimwambia siku moja, “Baba Kabula, kaa hata punje moja ya wali ishuke vizuri.” Akakaa. Kisha akasimama.

Ndipo akaja Mjomba Lufunga, kaka yake Mama, kutoka Geita. Alikuja na redio mpya na kikohozi kibaya, na kwa siku mbili hakuzungumza jambo jingine ila dhahabu. “Shemeji,” alimwambia Baba, “watu kule wanashuka barabarani na magunia yao, wanatembea nusu siku kufika kwenye maduara.” Maduara ndiyo mashimo yale ya wachimbaji. “Mwenye gari kule hachimbi hata kijiko cha udongo. Anawabeba tu, na wanamwamkia shikamoo hata wazee.” Mama alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama. Akamtazama kaka yake kwa jicho ambalo, kama mimi ningekuwa Mjomba, ningepanda lori la jioni ileile. Lakini Baba alikuwa tayari ameinuka, anaelekea bandani.

“Karanga zangu niziweke wapi?” Mama akauliza. “Kichwani?”

“Nitakujengea ghala.”

“Jenga kwanza.”

Alilijenga kwa siku tatu. Lilikuwa limeinama upande mmoja kama mlevi, lakini lilikuwa ghala, na Mama hakuwa na neno. Akabaki na neno la kuku. Tetea wake mweupe alikuwa ametamia ndani ya buti, mayai kumi na moja, na Mama akasema kuku akitamia hasogezwi. Kwa hiyo wiki tatu tulifanya kazi mbele ya gari tu, huku kuku akituangalia kupitia pale kiti cha nyuma kilipokuwa. Nyumba nzima ilijua tunachofanya na kwa nini. Gari likiwaka, Baba anaondoka. Lisipowaka, anabaki. Hakuna aliyelisema hivyo kwa mdomo, lakini ndivyo tulivyoishi miezi ile, kila mtu akiwa upande wake. Mama alikuwa upande wa kutu.

Na mimi? Mimi nilianza kwa kushika taa na kutafuta nati zilizoanguka kwenye vumbi. Lakini mkono wa Baba ulikuwa mnene, mkono wa kuinua minyororo ya mabehewa, na chini ya kabureta haukupita. Wangu ulipita. Baada ya hapo kila kitu kilichojificha kilikuwa changu. Nilikuwa natoka shuleni saa sita badala ya saa nane, kisha nikawa natoka saa nne, kisha nikawa siendi. Tulisugua kwa brashi ya waya hadi meno yakauma. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki kabisa, basi tukamimina dizeli na mafuta machafu kwenye matundu ya plagi tukasubiri ilainike. Siku tano. Kwa Baba siku tano zile zilikuwa kama kifungo. Alizunguka banda, alipiga spana kwenye taruma, ko, ko, ko, alinituma nikachungulie kama mafuta yameshuka, kana kwamba macho yangu yangeyasukuma. Siku ya sita tukaweka kwa mbele hendeli, lile chuma la kuzungushia injini kwa mkono, Baba akaegemea kwa uzito wake wote, na ile injini ikatoa mlio kama mtu anayeamshwa asiyetaka, ikazunguka. Baba alipiga filimbi yake ya stesheni. Mimi nilirukaruka kama mwehu. Ndani ya nyumba kinu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Jioni ile Mama aliniita nimsaidie kubangua karanga. Tulibangua ungo mzima. Kisha akasema, bila kunitazama, “Kabula, mwanangu. Tengenezeni. Lakini polepole. Nani anawafukuza?” Nilimwelewa. Nisidanganye hapa, nilimwelewa vizuri sana. Nikajibu, “Ndiyo, Mama,” na kesho yake alfajiri nilikuwa bandani kabla ya Baba.

Vifaranga wakaanguliwa, buti likasafishwa, gari likakamilika. Dereva mmoja wa lori alituazima betri. Baba alikuwa ameng’oa nyaya zote za plagi azisafishe kwa mafuta ya taa, akazirudisha mwenyewe kwa mpangilio mzuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akakaa kwenye usukani, akawasha. Likapiga baruti. Moshi mweusi ulitoka nyuma, mbwa wa jirani akakimbia, na gari likanyamaza. Akawasha tena, likapiga tena. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Mama Shija, jirani yetu aliyeuza samaki wa kukaanga stesheni, alikuwa akipita na beseni lake kichwani akisimama pale uani. “Baba Kabula, hiyo bunduki yako unawinda nini? Tuletee basi hata kanga!” Watoto walikuwa wanakuja kusikiliza mlipuko. Kulikuwa na mafundi Kahama, tena wazuri, lakini Baba kumwita fundi? Yeye aliyefunga treni nzima kwa mikono yake? Hapana.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Baba alichoka. Sikuwa nimewahi kumwona amechoka. Asubuhi moja alitoka nyumbani hakwenda bandani, akachonga mpini mpya wa jembe. Akasema mbuga ile ya chini ingefaa mpunga, kwamba mwaka huu tungelima majaruba manne, vile vitalu vya mpunga vyenye matuta. Mama alichinja jogoo. Baba alikula ameketi, mfupa hadi mwisho, na goti lake lilikuwa limetulia. Nililitazama goti lile chini ya meza. Siku tatu akaenda shambani kuinua majaruba, akarudi na matope, akalala mapema. Nyumba ilikuwa kimya, kimya kizuri, Mama akiimba jikoni. Ilibaki nikae tu. Sikutakiwa kufanya lolote.

Sikuweza. Nilikuwa nalala nikisikia ile injini, siyo mlipuko, bali ule mvuto kabla ya mlipuko, kama mtu anayetaka kusema neno akakatizwa. Niliona ni dharau. Chuma kinanishindaje mimi? Siku ya nne, Baba akiwa majarubani na Mama akitwanga, niliingia bandani mchana, nikafungua plagi zote nne. Nilitaka kuona injini inavyohema. Kulikuwa na pamba ya msimu uliopita kwenye gunia, nikachana madonge manne, nikaziba kila tundu, kisha nikaenda mbele nikazungusha hendeli taratibu. Puu! Donge la kwanza likaruka. Nikaendelea kuzungusha, nikisubiri la pili. Likaruka la tatu. Kisha la nne. La pili likatoka mwisho wa wote. Nikadhani nimekosea, nikaziba upya, nikazungusha tena. La kwanza, la tatu, la nne, la pili. Mara tatu ilikuwa hivyohivyo, na hapo nikaketi chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu. Baba alikuwa amepanga nyaya kama anavyopanga mabehewa, moja nyuma ya jingine. Kwenye reli behewa halimruki mwenzake. Ndani ya injini linaruka.

Nikafunua kofia ya distributa, nikatazama rota inazungukia upande gani. Rota ni kile kidude kidogo kinachogawa moto kwa kila plagi, kisichozidi kidole gumba, na bila hicho gari haliwaki. Nikahamisha nyaya tatu, nikarudisha plagi, nikapanda, nikawasha. Halikupiga baruti. Liliunguruma. Lilitetemesha mabati ya banda, kutu ikanidondokea kichwani, na mimi nilikuwa nimeshika usukani ule ule nilioushika nikiwa na miaka mitano, nikipiga kelele bila maneno.

Baba alikuja mbio kutoka shambani, matope hadi magotini. “Nani kaliwasha?”

“Mimi.”

“Umefanya nini?”

“Nyaya za plagi si mabehewa, Baba.” Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameinamia injini, midomo ikihesabu, moja, tatu, nne, mbili. Kisha alicheka hadi akaishiwa nguvu, akanishika kichwa kwa mikono miwili ya matope. Hakuna mwalimu aliyewahi kunishika hivyo. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama mlangoni pa banda, mchi bado mkononi. Aliangalia gari, akaniangalia mimi. “Haya,” akasema. “Umeweza.” Akarudi kwenye kinu chake.

Siku ya tatu Baba aliondoka kwa barabara ya Geita. Alisema atarudi kabla ya masika. Jembe la mpini mpya lilibaki limesimama kwenye tuta la jaruba, na Mama hakutaka mtu aliguse, hadi mchwa walipoula mpini. Masika zilipita nyingi. Kwa miaka yote iliyofuata alikuja mara tatu, kila mara kwa lori la mtu mwingine, kila mara goti likicheza. Mwalimu wangu alikuja kunitafuta, akanikuta kando ya barabara nimechungulia ndani ya boneti ya lori, na dereva akamwambia, “Mwalimu, subiri amalize kwanza.”

Leo nina gereji Kahama, na vijana wenye vyeti wananiamkia shikamoo bosi. Wanachomeka kifaa kwenye gari, kifaa kinawasomea ugonjwa, nao wananisomea mimi. Sikatai, ni kizuri. Lakini gari la zamani likija, lisilo na pa kuchomeka kifaa, wanasimama wananitazama, na mimi naagiza pamba. Zamani mtu alipata jibu kwa kusubiri. Sasa jibu linakuja kabla hujajiuliza kama unalitaka.

Pijo ile niliikuta Nyarugusu ya Geita, kwenye machimbo, nyuma ya mgahawa, imejaa kuku. Nikacheka, nikainunua, nikaileta kwangu juu ya lori. Mwaka uliofuata Baba naye akarudi, kwa basi, na mfuko mmoja na kifua kilichoharibiwa na vumbi la mashimo. Mama alimwandalia maji ya kuoga. Wanaishi kwangu wote wawili. Baba ni mzee sana sasa, macho hayaoni vizuri, lakini kila asubuhi akimaliza uji anakuja kwenye banda nililolijengea gari, akitembea kwa mkongojo, anapapasa boneti, anauliza, “Kabula, limebaki nini?” Amesikia kuna jambo jipya huko Chato. Anataka akaone tu, siku mbili, arudi.

“Bado kidogo, Baba.”

Gari lilikamilika zamani. Rangi nimepiga, plagi mpya, nyaya ziko zinapotakiwa. Mama anakaa kwenye kigoda chake kando ya mlango akibangua karanga, hanyanyui macho. Rota iko kwenye mfuko wa aproni yangu, nimeifunga kwa pamba.