Utando Tumboni pa Mtoto

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua pale kwetu Ipinda, Kyela, mwanangu, na hadi leo mvua ikipiga bati nashtuka.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, mbishi kuliko unavyoniona sasa. Likizo ile nilikuja na utando wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu, ambao ukiubonyeza au kuukunja hutoa umeme kidogo. Nikaapa kwamba kutwanga mpunga kutatuletea mwanga nyumbani. Nikauweka chini ya kinu, mama akatwanga, balbu ndogo ikawaka, ikazima. "Twanga kwa nguvu, mama!" Nikamsumbua hivyo wiki nzima.

Mama akautupa mchi. "Gwe, wewe mtoto, taa tunayo! Mtoto ndiye hatuna uhakika naye."

Alimaanisha kichanga wa dada yangu Atuganile, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Wakati mwingine alisahau kupumua, na nesi alitufundisha kumsugua unyayo mpaka azinduke. Lakini mvua za Kyela si unazijua? Mtu akupigie kelele sikioni, humsikii, sembuse pumzi ya kichanga.

Maneno ya mama yaliniuma, nikalia kwa hasira. Kisha nikaanza upya. Umeme ule haukutosha kuangaza nyumba, ila ulitosha kutoa habari. Nikaushonea utando ndani ya mkanda wa kitambaa, tukamfunga mtoto tumboni, nikauunganisha na transista na betri za redio, ule umeme mdogo ufungulie ule wa betri, ili balbu iwake kila tumbo linapoinuka. Ikagoma. Nikafumua, nikashona tena. Ikagoma tena. Sikuacha, hadi ikakubali.

Basi mchana huo mvua ikamwagika, na balbu ikaacha kuwaka. Atuganile akapiga yowe, akamsugua mtoto unyayo. Wapi! Akasugua tena. Tumbo likainuka, balbu ikawaka, na mama akapiga magoti akimshukuru Mungu: "Ndaga, Kyala! Ndaga fijo!"

Sasa wewe unaniambia kifaa chako kimegoma, unataka kuacha. Thubutu! Waulize kwanza wa nyumbani ni kitu gani kinawanyima usingizi, usiwabebeshe unachokitamani wewe. Ukishajua, fumua, shona, fumua tena, hata vidole vitoke malengelenge.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wa kukugombeza kwa upendo, na kazi ya mikono yako imkute mtu angali anapumua.