Gari la Kumpandisha Mama

Mume wangu ana hadtopu. Nasema ana, ingawa tulilinunua sote wawili, kwa mahindi yangu na mshahara wake, kwa sababu tangu siku lilipoingia uani kwetu Mfaranyaki, hapa Songea, sijawahi kuulizwa neno juu yake. Ni gari la zamani, la dizeli, lenye mabenchi ya kutazamana nyuma, lililotumikia watu wengine hadi likachoka ndipo likauzwa kwetu. Kila Jumamosi analiosha kabla hajaoga yeye. Mngoni akipenda kitu, jamani, mwacheni nacho.

Kosa la kwanza lilikuwa matairi. Lilikuja na matairi membamba, ya kiasi, naye akasema linafanana na kuku aliyenyonyolewa. Akayang'oa, akafunga mengine mapana, marefu, yale yanayonyanyua gari hadi mtu mzima anatafuta kigoda cha kupandia. Vijana wa bodaboda pale kona wakaanza kumwita kamanda, na yeye akavimba kichwa. Yale membamba yakatupwa nyuma ya jiko, kuku wakawa wanataga humo. Tangu hapo gari likawa zuri kutazama na zito kuondoka, ila safari zetu zilikuwa za Majengo na kurudi, na mara mojamoja Namtumbo kufuata mahindi. Hakuna aliyejali.

Kisha tukamleta mama.

Mama yangu ni Mmatengo. Kijiji chake kiko juu kabisa milimani, upande wa Mbinga, kule wanakolima mteremko kwa mashimo ya ngoro ili mvua isiuchukue udongo. Tulimleta Songea, kwa basi la Mbinga, kwa sababu ya magoti, na alipofika tu mlangoni alitangaza: nimekuja kutibiwa, sikuja kuhamia. Magoti yalipata nafuu ya kutembea uani kwa fimbo, basi. Lakini nikaanza kuona jambo jingine. Alitia chumvi kwenye chai. Siku moja aliniuliza, kwa adabu zake zote, mama yangu anaishi wapi, mbona hanitembelei. Nikacheka mbele yake, halafu nikaingia bafuni nikalia.

Hospitali walituambia ni akili inayozeeka, itakuwa inapungua kidogokidogo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kujua. Tukiwa tunachambua maharage barazani alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, leo nakumbuka. Kesho sijui. Nipelekeni kwangu nikiwa bado napajua."

Hakuomba kingine. Alitaka kuiona nyumba aliyoijenga na marehemu baba, tofali kwa tofali, akae penye kaburi la mumewe, achungulie mibuni yake, alale kitandani kwake akijua kuwa ni kwake. Nikamwahidi kwamba nitakaa naye huko mwezi mzima. Mume wangu akasema, "Mama, hilo ni dogo. Gari lipo."

Gari lipo! Tukaondoka asubuhi, lami hadi Mbinga, mama mbele na mimi nyuma na mabegi. Alikuwa anataja kila kitu tulichokipita: daraja, kanisa, njia ya kwenda kwa dada yake. Hakukosea hata kimoja. Tukaacha lami, tukaanza kupanda, na kwenye mlima wa mwisho, ule ambao ukiumaliza unayaona mabati ya kijiji, gari likakata pumzi. Injini inaunguruma, matairi mazito hayazunguki. Ile gia fupi ya kupandia milima ilikuwa imekufa kabla hatujalinunua, na spea yake ilitafutwa hadi tukakata tamaa. Mume wangu akajaribu gia ya kwanza, likazima. Akajaribu tena, likazima na kurudi nyuma kuelekea korongoni, mimi napiga kelele, yeye kakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Lilibaki jambo moja tu, kumbeba mama mgongoni hadi juu. Si mbali. Lakini nani ambebe? Mimi na mgongo wangu huu wa kuinua magunia siwezi. Manyunyu yalikuwa yameanza, na kabla sijafika kijijini kuita vijana njia ingekuwa utelezi mtupu; hapapiti mtu, na simu zilikuwa hazishiki. Alikuwepo mwanamume mmoja, mwenye kifua cha kutosha, naye ni mkwe wake. Mkwe hamgusi mama mkwe. Kwetu hata kupeana mkono ni mtihani, sembuse kumshika miguu na kumbeba kama mtoto. Mume wangu akatazama chini. Mama akatazama pembeni. Nikasema, "Jamani, nani atatuona huku?" Mama akanijibu, "Mimi nitaona." Basi tukageuza gari. Njia nzima ya kurudi hakutaja daraja wala kanisa.

Mume wangu aliumia kuliko nilivyodhani. Mkwe aliyeshindwa kumfikisha mama mkwe nyumbani kwake! Akaapa kwamba gari litapata nguvu na mlima ule litaupanda mama akiwa ndani. Nikamwambia akodi gari la mtu mwingine, wiki ijayo tuondoke. Ebo! Kama nimemtukania ukoo. "Mama yako apande gari la kukodi, langu liko uani? Watu watasemaje?" Na mama, kwa kumpenda mkwewe, akamuunga mkono. "Mwache alitengeneze. Nitasubiri."

Ndipo alipohamia gereji ya Lizaboni. Kwanza likasafishwa njia za hewa, chujio likabadilishwa, ekzosi ikawekwa pana. Likawa na sauti nene, na mlima halipandi. Kisha wakaifungua pampu imwage dizeli nyingi zaidi. Hapo lilitoa moshi mweusi mpaka jirani akaanua nguo akitusonya, na injini ikachemka kabla haijafika hata kilima cha hapo mtaani. Pampu ikarudishwa. Kisha likaja neno turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Nililichukia neno hilo kuliko jina la mke mwenza. Turbo ya kutoka gari jingine, imetafutwa Dar, imeletwa kwa basi, mara haikai, mara bomba lake halifiki, mara fundi amefiwa. Kila nikiuliza naambiwa haraka haraka haina baraka. Nami nilikuwa namjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zetu zilipigana hivyo nyumba nzima, na mama amekaa katikati na begi lake limefungwa.

Maana begi alilifunga mwenyewe, likakaa miguuni pa kitanda. Mwanzoni alikuwa analifungua na kulifunga, akinionyesha zawadi ya huyu na ya yule. Baadaye akaanza kuuliza begi ni la nani. Nilimsimulia kila jioni: mlango wako unatazama jua linakochomoza, jiko liko nyuma, mparachichi uko kushoto. Alikuwa ananisahihisha, "Kulia!" na nilifurahi sana kusahihishwa. Halafu ukafika wakati nikikosea makusudi anaitikia tu, "Ehee." Hapo nilimwambia mume wangu kwamba mama anaondoka, atuhurumie. Alinisikia, naapa alinisikia. Alfajiri alikuwa amekwisha kwenda gereji, akidhani njia ya kumwahi ni kuongeza bidii kwenye ile ile injini.

Turbo ilipokaa, gari likakimbia. Alikwenda nalo Namtumbo akapita kila basi, akarudi anachekacheka peke yake kama bwana harusi. Nikasema haya, twende mlimani. Akataka kwanza kulipandisha mteremko mkali likiwa na mzigo wa magunia. Likazima vile vile! Ile turbo inaamka gari likiwa limeshashika mwendo, na mlimani hakuna mwendo wa kuiamsha. Alikaa barazani na uso wa msiba. Nilitaka kumtukana, nikashindwa, nikampelekea chai.

Nguvu zilikuja kwa bahati mbaya. Tairi moja pana lilipasuka, jipya la kufanana nalo halikupatikana mjini, na ili gari lisilale juu ya mawe akaenda nyuma ya jiko, akawafukuza kuku, akayatoa yale membamba, akayajaza upepo na kuyafunga yote manne. Akalipeleka kwenye ule mteremko, na magunia yake. Likapanda polepole, bila kelele, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Akashuka, akapanda tena. Likapanda tena. Ukubwa wa matairi ndio uliokuwa unainyima injini pumzi miaka yote, na tiba ilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwangu, imejaa manyoya.

Sikumsema siku hiyo. Alikuja akasimama mlangoni, mikono yake myeusi kwa grisi, akasema tu, "Yalikuwa matairi." Nikamwona ameshaipiga hesabu yote ya siku zilizopotea. Ningemsema ningekuwa mchawi.

Tukaondoka. Lami, Mbinga, njia ya vumbi. Mama alikuwa mbele, ametulia, amevaa kitenge chake kizuri. Hakutaja daraja, hakutaja kanisa. Nilijipa moyo kwamba pengine amechoka, pengine akipaona kwake patamwamsha. Nilisali Salamu Maria sijui ngapi. Tulipofika mlima wa mwisho mume wangu akatia gia ya kwanza, na gari likaupanda wote bila hata kusita. Hakushangilia. Alimtazama mama kwa pembeni, kama mtoto anayesubiri kusifiwa, na mama akasema, "Huku ni kuzuri. Nani analima mibuni hii?"

Tukaegesha uani. Nilimshusha, nikampa fimbo, nikageuka kutoa mabegi. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika mlangoni peke yake, nikasema amepajua. Miguu yake ilikwenda moja kwa moja, ikakwepa lile jiwe lililojitokeza, ikasimama pale pale anaposimama siku zote kukung'uta udongo.

Kisha akatengeneza kitenge chake vizuri begani na kuita, "Hodi."

Nyumba ilikuwa tupu, tangu tumlete mjini. Mimi nilisimama na begi mkononi. Nilipaswa kukimbia, nizungukie jikoni, niingie kwa mlango wa nyuma, niseme karibu mama, karibu ndani, starehe. Ndicho kitu ninachojilaumia hadi leo kuliko magari yote ya dunia. Sikukimbia. Mume wangu naye alikuwa ameshika usukani hasogei.

"Hodi," mama akaita tena, kwa sauti ya kistaarabu, akiinamisha kichwa kidogo ili asikie vizuri.

Alisubiri. Akaita mara ya tatu, taratibu, maana ndivyo alivyotufundisha sisi wanawe: hodi ni mara tatu, usipoitikiwa usisukume mlango wa watu, ondoka kwa heri.

Akageuka. Akaja kwangu na fimbo yake, hana hasira wala huzuni, akanishika mkono kama mtu anayemfariji mgeni mwenzake.

"Wenyewe hawapo, mwanangu," akasema. "Twendeni. Tusikae kwenye uwanja wa watu."