Nilivyoposa kwa Dadu Mbalizi

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja pombe hata tone.

Nilisoma sekondari Iringa. Huko mwalimu mmoja wa kujitolea, Mmarekani, alitufundisha mchezo wa ajabu. Hauna ubao wala kete. Mnakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu fulani: mwindaji, mganga, mwizi. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, dadu inaamua kama amefaulu au ameumia. Kitabu cha mwalimu kilikuwa na kila kitu: ramani za mapango, orodha za majoka, adhabu ya kila ujinga. Alipoondoka, akaondoka nacho. Tukabaki na dadu moja na kiu.

Baadaye nikapata ukarani kwenye bohari la mbolea, Mbeya, lakini kiu haikuisha. Nilikitafuta kitabu kile kila mahali. Duka moja walinipa ludo. Jingine walinionyesha mchezo wa kuigiza wa Krismasi. Mchumba wangu Subilaga, fundi cherehani pale Mwanjelwa, akaniambia, "Wenzako wanatafuta kitanda cha harusi, wewe unatafuta majoka!" Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa.

Jumamosi moja nikaenda sokoni Mbalizi, nikanunua karanga. Nikazimaliza, nikakunjua karatasi yake. Imeandikwa kwa wino: "Ukirusha moja, daraja linakatika. Mbili, nyuki. Tatu, mwenye pango yumo." Moyo nusura unitoke! Nikarudi mbio kwa muuza karanga, naye akanielekeza kwa bibi anayempa karatasi, nyuma ya magunia ya maharage.

Bibi alikuwa na umbo dogo, amejitanda kanga, mbele yake rundo la madaftari. Nikainama, nikasalimia kwa adabu, nikamwonyesha ile karatasi ya karanga.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa lugha ya kwetu. "Kaa tucheze kwanza. Daftari haliendi kwa mtu nisiyemjua."

Aliujua mchezo kuliko mwalimu. Mwindaji wangu akashuka bondeni, nikarusha mbili: nyuki. Sikio likavimba. Sikio langu mimi, si la mwindaji, niamini! Mwenye akili angeinuka akaenda zake. Lakini mchezo ulikuwa umekolea, na hata wewe ungekaa.

Tukafika kwa malkia wa bonde, ambaye alikuwa Bibi mwenyewe. Malkia akasema daftari la siri zote analo, ila humpa mkwe wake tu, na binti anaye. Unauona mtego? Mimi sikuuona. Nikasema, "Mwindaji wangu anatoa jembe, anamposa binti." Kwetu jembe ndilo hufungua mlango wa posa, nami nilitaka kucheza kistaarabu. Nikarusha. Sita.

Bibi akageuka taratibu, akanipa mgongo, akajifunika kanga hadi usoni, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akanisukumia daftari kwa nyuma, kwa mkono mmoja.

"Ndaga fijo, asante sana, baba. Mwenzio anajiandaa."

Nilipofika nyumbani, jembe langu la nyuma ya mlango halikuwepo. Mahali pake paliegemezwa mkeka mpya.

Tangu siku ile, Subilaga akishona gauni lake la harusi, asubuhi anakuta nyuzi zote zimefumuka. Mara ya nne akaja kwangu na mkasi mkononi, nikaungama yote. Niliogopa, sikufichi. Nilimpenda Subilaga kupita kiasi, na nilikuwa karibu kumpoteza kwa ajili ya orodha ya majoka.

Hakulia. Akauliza, "Huyo mwanamke umemwona kwa macho?"

"Hapana."

"Twende Mbalizi."

Bibi alikuwa palepale. Aliponiona tu, akageuka. Subilaga akaketi, akauliza sheria. Bibi akamweleza kwa upole, bila kugeuza uso: kila mtu aseme yeye ni nani na anafanya nini, dadu itaamua.

"Basi mimi ni simba," Subilaga akasema. "Namla huyo mwindaji."

Akarusha. Sita.

Nilihisi kitu kimenibana kiunoni, nikazimia. Nilipozinduka, mkanda wangu ulikuwa vipande viwili na Subilaga ananipepea. Bibi alikuwa analia kilio cha msiba hasa, mikono kichwani: "Mkwe wangu! Mkwe wangu wee!" Tukamsaidia kulia. Ungefanyaje? Tumefiwa. Simba mwenyewe akatoa pole.

Bibi akajifuta machozi. Sasa alinitazama usoni vizuri tu, kwani sikuwa mkwe tena. Akauliza, kama wazee wanavyouliza msibani, "Marehemu ameacha ndugu wa kiume?"

Nami mpumbavu, adabu imenijaa, nikajibu, "Ndiyo, Bibi. Kaka yangu yuko Kyela. Bado hajaoa."

"Ndaga fijo," akasema. Subilaga akanifinya, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Kwa mila za wazee wa kwetu, mume akifa, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Tulipogeuka kumwangalia Bibi, palikuwa na magunia ya maharage tu.

Mimi na Subilaga tulioana, gauni likamkaa sawasawa. Daftari ninalo hadi leo, na ni zuri kuliko kitabu cha mwalimu, siwezi kusema uongo. Lakini nakuasa: katika mchezo huo pigana, iba, tumbukia shimoni, ila usipose. Na ukiposa kisha ukafa, wakikuuliza habari za ndugu, sema ulizaliwa peke yako.

Kaka yangu ananawiri kule Kyela. Majirani wanasema anaishi peke yake, ila akienda shambani moshi wa jikoni unafuka. Miaka yote hii hajanikaribisha kwake hata siku moja. Nilipombana aniambie kosa langu, akasema sina kosa lolote. Ni mkewe tu, anaogopa mizimu, na mimi anajua nilishakufa.