Maji ya Kijani ya Kiongoroni

Warda alianza kuendesha boti ya abiria baada ya mumewe, Idrisa, kuvunjika mguu kwenye tope la gati la Nyamisati. Kabla plasta haijatolewa, alikwisha kuizoea mashine, mikondo ya delta na abiria waliompa pole kwanza, nauli baadaye. Mguu ulipopona, Idrisa aliamua kukaa mbele na kumwachia mkewe usukani. Watu wa Kiongoroni, kijiji chao cha deltani, walicheka, lakini walipanda.

Mwaka ule mto ulipofurika na kukomba mashamba ya Mkongo, huko juu ya mto, maji yalishuka deltani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Warda hakuwa akiliona fungu la mchanga mpaka boti iliguse. Hayo watu waliyazoea, maana kila masika huja kwa kiasi chake. Kilichowatisha ni kilichofuata. Tope lilipoanza kutulia, bahari mbele ya mdomo wa mto iligeuka kijani, kijani kizito kama mlenda. Ikavuma kwamba mafuriko yameleta dawa za mashambani na samaki wana sumu. Wachuuzi wa Bungu wakaacha kuja. Idrisa, ambaye hakuwahi kula mchana bila samaki, akahamia kwenye kisamvu na kununa.

Warda hakuamini wala hakukataa, alitaka kujua. Akamwendea Natalia, mwalimu wa sayansi aliyehamishiwa hapo kutoka Bukoba. Natalia alikuwa na hadubini shuleni, lakini alikuwa pia na woga wa bahari, na kila alipopanda boti alifumba macho hadi gatini. Alisema hawezi kujibu bila kuyaona maji yenyewe.

“Basi twende, mwalimu,” Warda akamwambia. “Macho utayafumba njiani, ukifika utayafumbua.”

Natalia alikuja na sahani ya bati aliyoipaka rangi nyeupe na nyeusi, imefungwa uzi na jiwe. Sahani hushushwa majini mpaka isionekane, ndipo mtu ajue mwanga unafika wapi. Aliposhusha mara ya kwanza, fundo lilifunguka na sahani ikazama moja kwa moja. Warda, Natalia na Idrisa wakakodolea maji. Kisha Warda akachukua sufuria ya chakula cha mumewe, akautoa mfuniko wake mweupe na kuufunga uzi kwa fundo la kibaharia.

Karibu na mdomo wa mto, mfuniko ulipotea mara tu ulipozama. Kwenye maji ya kijani ulionekana chini zaidi. Mbele kabisa, kwenye maji ya bluu, uzi uliisha na mfuniko bado unang'aa. Natalia aliinama kuutazama hadi Idrisa akamshika jaketi la kujiokolea asije akaufuata.

Shuleni walitia tone la maji ya kijani chini ya hadubini. Warda aliweka jicho kwenye lenzi. Aliona minyororo ya visanduku vyembamba, na vingine vya mviringo kama shanga.

“Ni mimea hii,” Natalia akamweleza. “Mto umeleta mbolea kutoka mashambani. Maji yakiwa na tope, mimea haipati mwanga. Tope likitulia, inapata vyote viwili na kuzaana. Kambamiti wadogo wanakuja kuila.”

“Kwa hiyo haina sumu?”

“Mingi haina. Lakini ipo michache yenye sumu, na mimi kwa macho siwezi kuitofautisha.”

Jibu hilo Warda alilipenda kwa sababu halikumbembeleza. Walijaza chupa za maji, wakaweka samaki kwenye barafu, na yeye mwenyewe akavipeleka Nyamisati vipelekwe maabara. Majibu yalipokuja kwamba samaki ni salama, aliomba hadubini, akaiweka juu ya meza gatini. Wanawake walipanga foleni wakitaniana. Idrisa alichungulia hadi walio nyuma wakalalamika, kisha akauliza kama nyumbani kuna changu wa kukaanga. Wiki hiyo wachuuzi wakarudi, na wavuvi waliotega pale kahawia inapokutana na kijani walirudi na makapu mazito.

Kiangazi, Natalia alimwalika Warda Mkongo, kwenye mkutano wa wakulima kuhusu kupanda matete kingoni mwa mto ili udongo usiondoke. Mkulima mmoja, Mzee Mwinjuma, alimwonyesha mahali shamba lake lilipomegwa.

“Hilo shamba nimelipita na boti, mzee,” Warda akasema. “Lilikuwa linaelekea baharini.”

Mwinjuma alicheka mpaka akashika jembe kujiegemeza. Kisha akampa maboga mawili, na wote wakashuka kingoni kupanda matete.