Ng'ombe Aliyezaa Madume

Siku ile ya kikao cha ukoo walikuwepo babu, mdogo wake marehemu babu yetu, aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo. Baba mdogo, aliyepanda mlimani kutoka Levolosi na viatu vyake vya mjini. Shangazi, aliyeanza kulia kabla hajakaa. Balozi wa nyumba kumi. Bibi jirani wa bondeni, ambaye hakuna aliyemwalika. Wadogo zangu watatu kwenye mkeka, wasichana wawili na kitinda mimba wa kiume. Na mimi niliyekuwa nagawa chai. Bandani alikuwepo ng'ombe. Namtaja pamoja na watu kwa sababu kikao kiliishia kwake.

Mama tulikuwa tumemzika kando ya baba, juu kidogo ya kahawa. Matanga yalikwisha, sasa ukoo ulikuja kuamua habari zetu na za kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, migomba na kahawa tulivyoachiwa. Mimi shule nilikuwa nimeshaiacha kidato cha pili, mama alipolazwa Nkoaranga, maana lazima mtu apeleke chakula hospitali na mtu akate majani ya ng'ombe, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Baba mdogo alizungumza kwa upole. Alisema watoto hawawezi kukaa peke yao mlimani, atatuchukua mjini, na kihamba atakishika yeye mpaka mvulana akue. Sote tulijua maana ya kushika. Wiki ile ile nilimwona akipita na mgeni kwenye upande unaopakana na barabara, mgeni akipima kwa hatua. Lakini sikuweza kumchukia. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga na watoto wake wanne, na bado alikuwa ameshafikiria nani atalala na nani.

"Baba mdogo, sisi tutabaki," nikasema.

"Utabaki wewe? Wewe ni binti, kesho unaolewa."

"Nani amwoe anavyonuka mbolea hivyo?" akasema shangazi huku anafuta machozi. Watu wakacheka, hata mimi, nikaendelea kumimina chai.

Hapo ndipo bibi wa bondeni alipoweka kikombe chini.

"Naomba kuuliza jambo dogo. Mkienda mjini, ng'ombe wangu anakwenda wapi?"

"Wako, mama? Ng'ombe ni wa marehemu."

"Aliye tumboni ni wangu."

Alisema kweli. Ng'ombe yule mama alimpata kwenye kikundi cha akina mama wa usharika, kanisani kwetu. Unapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, akiwa na mimba, unamlisha, na ndama jike wa kwanza unampeleka kwa mwenzako anayefuata. Ndivyo unavyolipa, hakuna njia nyingine. Aliyefuata baada ya mama alikuwa bibi huyu. Alishajenga banda, akapanda mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe, kwenye matuta yake yote, akakaa kusubiri. Uzao wa kwanza ukawa dume. Sasa ng'ombe alikuwa na mimba ya pili.

"Mama, nitakulipa pesa," baba mdogo akasema.

"Pesa nitaikamua wapi?"

Balozi akapaliwa na chai.

"Basi mchukue ng'ombe mwenyewe, uondoke naye," baba mdogo akaongeza.

"Kwangu panatosha ndama, mama yake hapamtoshi. Majani yake yako hapa, migomba yake iko hapa. Na kwenye kikundi chetu anayedaiwa ndiye anayelisha. Au wewe utakuwa unapanda kila asubuhi kukata majani? Na viatu hivyo?"

Watu wote wakatazama viatu. Baba mdogo akavirudisha chini ya kiti.

Babu alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mwenye deni hafukuzwi mahali anapolipia. Binti huyu amerithi deni la mama yake. Abaki na wenzake, alilipe. Mtamba akishateremka bondeni, tutakaa tena tuzungumze habari ya kihamba."

"Na akizaa dume?" baba mdogo akauliza.

"Utasubiri. Una haraka gani?"

Akazaa dume. Bibi alipanda na fimbo yake, akainua mkia wa ndama, akaushusha kama aliyetukanwa. "Ng'ombe wenu ana tabia ya ukoo wenu," akaniambia. "Mnapenda wanaume tu."

Na uzao uliofuata pia dume. Miaka ile sikujua niombe nini. Nikiomba jike, kikao kinarudi. Nikiomba dume, ninamwombea bibi banda tupu. Mwisho niliomba ng'ombe azae salama, basi.

Baba mdogo alikuwa anapiga simu. "Amezaa?" "Amezaa." "Nini?" "Dume." Mwanzoni alikata simu. Baadaye alianza kucheka, kisha akaanza kuuliza anakula nini, na siku moja akapanda na gunia la pumba begani, jasho linamtiririka, akasema mjini pumba ni rahisi. Akakaa bandani hadi jioni. Aliona jinsi samadi ilivyonenepesha migomba, akashika shina moja kwa mikono miwili, vidole havikukutana. Yule mgeni wake wa kupima kwa hatua alikwisha kupata kiwanja kwingine, chini huko Nduruma.

Mwaka jana babu hakusubiri tena mtamba, alitushika mkono, akatupeleka ofisi ya kijiji, kihamba kikaandikwa kwa majina yetu sote wanne, wasichana wakiwemo. Baba mdogo alitia saini ya shahidi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ananizidi kimo, alinong'ona njiani, "Dada, upande wa kahawa uhesabu kuwa wako hata ukiolewa." Nikamwambia achunge maneno yake, nitamdai.

Kwa hiyo kikao hakitarudi, na sasa naomba jike bila hofu. Ng'ombe amezeeka, ana mimba tena. Bibi amezeeka zaidi yake. Banda lake liliinama upande mmoja, mdogo wangu akalinyoosha kwa nguzo mpya. Mabingobingo yake nayakata mimi, maana mikono yake haina nguvu, nayaleta kwa ng'ombe wetu, na kila asubuhi namteremshia maziwa kwenye jagi. Anakunywa mbele yangu mpaka tone la mwisho, anafuta mdomo kwa khanga, ananirudishia jagi.

"Maziwa si mtamba," ananiambia.

"Najua, bibi."

"Nakukumbusha tu."