Sheria za Moto na Kikaango cha Senene

Mimi ni mtu wa kufuata sheria. Nilifundisha darasani miaka mingi, nikastaafu, lakini tabia ya kuwapanga watu ikakataa kustaafu. Kwa hiyo ofisi ya kata ilipotuita sisi wenye nyumba wa mtaa wa Nshambya, hapa mjini, kusikiliza sheria za kujikinga na moto, niliketi mstari wa mbele nikaandika kila neno: mtungi wa gesi ukae penye hewa, ndoo ya mchanga iwe karibu na jiko, nyasi kavu zisifike ukutani, mafuta yakiwaka usiyamwagie maji. Nyumbani nikayanakili yote kwa mwandiko wa ubaoni, nikabandika karatasi kwenye mlango wa friji, na siku tatu nzima nikawachosha majirani.

Kisha nikampelekea mama.

Mama anaishi peke yake Muleba, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Siku hiyo nilimkuta akijiandaa kuwapokea wanajumuiya wa kanisani, maana zamu ya kusali rozari ilikuwa kwake. Sebule nzima alikuwa ameitandika nyasi zilizokatwa rweya, ule uwanda ulio nyuma ya kijiji, kama mama yake alivyowatandikia wageni. Zilinukia vizuri, hilo sikatai. Ila katikati ya nyasi hizo, juu ya kigoda, alikuwa amesimamisha mshumaa.

Nilimsomea karatasi yangu yote, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa adabu.

“Sasa, maawe, nyasi na mshumaa pamoja?” nikamuuliza.

“Nimesali hivi tangu hujazaliwa,” alijibu, akaendelea kuzisawazisha nyasi kwa mguu.

Nikapiga picha, nikawatumia kaka zangu wawili, mmoja yuko Mwanza na mwingine Dar. Haikupita saa walikuwa wameshakata shauri: mama ahamie kwangu mjini. Aanze na wiki mbili za majaribio. Akizoea, nyumba ifungwe na kibanja tumwachie jirani akitunze. Mama alipoambiwa hakubishana. Aliuliza tu nani atakayekula ndizi zake, halafu akaanza kukunja kanga. Ule utulivu wake uliniuma, ila nilifurahi kuliko nilivyoumia.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Asubuhi tulikunywa chai barazani, mchana alinikosoa namna ninavyomenya ndizi, jioni tulisikiliza matangazo ya vifo redioni na yeye akanieleza kila marehemu ni wa ukoo gani. Nyumba yangu, ambayo tangu watoto waondoke ilikuwa na sauti ya friji peke yake, ikapata mtu wa kuninunia. Nilikuwa na raha ambayo sikumwambia mtu.

Siku ya tisa nikanunua sokoni senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wabichi, walioshanyonyolewa mabawa. Kila Mhaya anajua kwamba senene hawatiwi mafuta. Wanakaangwa taratibu kwa mafuta yao wenyewe. Lakini mimi nilitaka kumwonyesha mama jinsi jiko la gesi linavyowahi. Nikamimina mafuta ya alizeti, mengi tu, nikafungulia moto hadi mwisho, na mafuta yalipoanza kutoa moshi nikawamwaga senene wakiwa bado wanachuruzika maji. Mafuta yakaruka yakaufikia moto, na kikaango kizima kikawaka hadi usawa wa macho yangu.

Na mimi, mwanafunzi wa mstari wa mbele, nilifanya nini? Nilidaka jagi la maji.

Mama alinishika kifundo cha mkono, akanipokonya jagi, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa akakifunika kikaango.

“Hili jiko linazimwaje?” aliuliza.

Nikazima gesi. Moto ukafa chini ya mfuniko.

“Mafuta hayamwagiwi maji,” alisema. “Ulinisomea mwenyewe. Na senene nao, mwana wange, unawatiaje mafuta?”

Tulifuta masizi ukutani. Nilisubiri aniulize kama kaka zangu watapata picha ya jiko hili pia. Hakuuliza. Alikamua kitambaa chake kwenye ndoo, akaniambia kwa upole:

“Kama unataka nikae nawe, sema. Usinitishe kwa moto.”

Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Sheria zote zile zilikuwa za kweli, na bado nilikuwa nimezigeuza kisingizio.

“Nataka ukae nami,” nikasema.

“Najua. Lakini kwangu ni kule.”

Jioni hiyo nilipiga picha ukuta wangu mweusi, nikawaandikia kaka zangu yote yaliyotokea, mafuta na jagi vikiwemo, na kwamba mama anarudi kwake. Walinicheka sana, kisha wakakubali.

Jumamosi nilimrudisha. Tulipita Kemondo tukanunua samaki, na kabla ya saa sita alikuwa ameshafungua madirisha yake yote. Tulifagia majani makavu ya migomba yaliyokuwa yamefika ukutani, na mshumaa akakubali usimame ndani ya bakuli la mchanga, mbali na nyasi. Nilikuwa nimekuja kulala siku mbili. Leo ni ya kumi na moja, na mama hajaniuliza ninaondoka lini.